Mahari ya Kijitu Chenye Ndoo

Mwanamke ana haki ya kutaja mahari yake. Hilo Gazi nzima inalijua, lakini wengi huitaja kwa sauti ya chini, tena baada ya mama na mashangazi kuwanong'oneza la kusema. Twaiba hakunong'onezwa na mtu. Siku washenga wa Swabir walipokuwa wamekaa mkekani nyumbani kwao, na kahawa imekwisha kuzunguka mara mbili, alimtuma mamake, Bi Hafsa, atoke na kopo kuukuu la maziwa ya unga lililoshika kutu mdomoni, aliweke mbele ya wageni. Mahari yake ilikuwa hiyo. Hakutaka bangili wala kitanda cha nakshi. Alitaka kilichomo ndani ya kopo kifanye kazi tena, tena kifanye kazi ndani ya kompyuta yake ya mezani, kisihitaji tena mawe ya tochi, na mwenye kukiunga awe Swabir kwa mikono yake mwenyewe.

Washenga wakalifungua kopo. Mlikuwa na vipande vya plastiki ya kijivu, bodi ya kijani yenye mikwaruzo, kioo kidogo cha ukubwa wa kiberiti, na kispika kilichotobolewa katikati. Mshenga mkubwa, mtu mzima aliyekwisha kuwaposea vijana kumi na wanne wa mji ule, alisema hajapata kuona mahari inayotikiswa ikalia kama njuga. Walilifunga kopo, wakaaga kwa adabu, wakaenda zao nalo wakiwa hawajui wacheke au walie.

Habari ilimfikia Swabir Ukunda, kwenye kibanda chake karibu na Kona ya Musa alikokuwa akitengeneza televisheni na kompyuta. Aliyecheka pale alikuwa Lennox, kijana wa Kakamega aliyetengeneza simu kwenye nusu ya pili ya meza hiyo hiyo. Lennox alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. Kwao, alisema, mtu hupeleka ng'ombe, ng'ombe wanahesabika, mambo yanaisha. Swabir hakucheka. Alilitazama lile kopo na kijasho chembamba kikamtoka, maana kidude kile alikijua vizuri. Yeye ndiye aliyekiua.

Miaka ishirini nyuma, babake Twaiba, Mungu amrehemu, alikuwa dobi katika hoteli moja ya Diani, na mgeni mmoja alipokuwa akirudi kwao alimwachia gemu ya mkononi iliyokuwa imezeeka hata wakati huo. Ndani yake mlikuwa na mchezo mmoja tu. Kijitu chenye ndoo hupanda ngazi, mawe yanaporomoka, kijitu kinakwepa, na kikifika kileleni hukuta kisima. Ndoo ikijaa, kidude huimba wimbo mfupi wa sauti saba, kisha kijitu hurudi chini kuanza upya. Basi hayo tu, na watoto wa mtaa mzima walikuwa wakipanga foleni kwa ajili yake. Mawe ya tochi yakiisha nguvu waliyaanika juu ya bati, wakayang'ata kwa meno, wakayarudisha, na kijitu kikapata ngazi mbili tatu zaidi.

Babake Twaiba naye wimbo ule ulimkaa mdomoni. Kila alasiri akitoka kazini alishuka njia akiupiga mluzi, tangu kwenye mkorosho wa kona, na Bi Hafsa akiusikia huacha alilokuwa akilifanya, akainjika chai. Mzee akifika mlangoni, maji yamekwisha kuchemka. Majirani waliwatania kwamba nyumba ile haihitaji saa.

Swabir alikuwa na miaka kumi, Twaiba minane, na Swabir alitaka kujua kijitu kile kinaishi wapi. Akakipasua kidude kwa kisu cha jikoni. Hakukuta mtu ndani. Kisu kilitoboa spika, kikakata njia za umeme kwenye bodi, na kidude hakikuwaka tena. Mamake, Mbeyu, alimchapa, na mwalimu wa chuo cha Kurani akamchapa, lakini hayo yalipoa kabla ya magharibi. Lililomkaa ni kwamba Twaiba hakumwambia neno. Aliviokota vipande kimoja kimoja, akavitia koponi, akaingia ndani.

Hakulitaja kopo lile tena. Hakulitaja walipokuwa wakubwa, wala babake alipofariki miaka minane baada ya hapo, wala alipofungua duka lake la kompyuta Msambweni, njia ya hospitali, akiwaandikia watu barua na kuwajazia fomu za serikali, huku Swabir akija mara tatu kwa wiki kutengeneza mashine ambazo hazikuwa na ugonjwa wowote. Hakulitaja hata walipokubaliana kuoana. Swabir alidhani amesahau. Mwanamume akidhani mwanamke amesahau jambo, basi na ajue aliyesahau ni yeye.

Mwenye kuudhika na mahari ile alikuwa Ami Salimu. Huyu alikuwa ndugu wa baba, ndiye walii wa kumwoza Twaiba, muuza mbao na mabati aliyezoea kupima kila kitu, hata maneno. Kilemba chake, ada ya walii, alikwisha kukipokea, na mkaja wa Bi Hafsa, ada ya mama, ulikwisha kutoka, hakuwa na lawama huko. Lakini binti zake yeye wote waliolewa kwa bangili za dhahabu, na sasa watu watasema mtoto wa marehemu ameozwa kwa mchezo wa watoto kwa kuwa hana baba wa kumsemea. Hilo lilimchoma kwelikweli, na si haki kumcheka kwa hilo. Alitoa shauri lake: kidude kikiwa hakijafanya kazi siku ya akdi, ndoa inapofungwa, bwana harusi alete bangili kama wenzake, na akdi ingoje mpaka azilete. Swabir ndiyo kwanza ameezeka nyumba. Alijua bangili hazingepatikana kabla ya mwaka kwisha, pengine na mwingine. Tena Twaiba alikwisha kusema bangili hatazivaa. Kwa hiyo ndoa yote ilikuwa imo ndani ya kopo la maziwa.

Akaanza kazi. Kompyuta aliyoitaka Twaiba ilikuwa ile yake ya kwanza, aliyoinunua hoteli moja ilipobadilisha vyombo vya mapokezi, na kasha lake lilikuwa kubwa na zito, la zamani. Mbele ya kasha, pale zilipokuwa zikiingizwa sidii, palikuwa na tundu lisilo na kazi tena. Swabir aliipima bodi ya gemu, akakuta inaingia tunduni ikabakisha nafasi ya kidole. Njia zilizokatwa na kisu aliziunga kwa nyuzi za waya nyembamba kama unywele, chini ya miwani ya kukuza, moja baada ya moja, akishusha pumzi kila baada ya kuigusa risasi ya kulehemu kwa chuma cha moto. Zilikuwa thelathini na moja. Zile mbili za mwisho zilimshinda siku nzima, akazifanya kesho yake asubuhi mkono ukiwa umetulia.

Badala ya mawe manne ya tochi, aliipa gemu umeme kutoka ndani ya kompyuta yenyewe. Kioo kidogo hakikukubali kufufuka, akaagiza Nairobi bodi ndogo ya kuipeleka picha ya gemu kwenye skrini kubwa. Vitufe vilikuwa vile vile vya zamani. Alivisafisha kwa spiriti, akavipachika mbele ya kasha kwenye kipande cha plastiki ya kijivu ya asili, kilichogundishwa mahali kilipopasuka. Ufa aliuacha uonekane. Angeweza kuupaka rangi, lakini alihisi Twaiba angeutafuta kwanza.

Siku kijitu chenye ndoo kilipotokea kwenye skrini, kikubwa kama kiganja ilhali zamani kilikuwa kama ukucha, Swabir alikaa kitako kwenye kibao chake akakitazama tu. Furaha aliyoipata ilikuwa ya mtu aliyesamehewa kabla hajaomba. Lennox aliwaita vinyozi wa kibanda cha jirani, na wenye tuk-tuk, na mama wa mahamri, na kila aliyeingia alipanda ngazi mbili akaangushwa na mawe. Kwa wiki nzima sifa za fundi Swabir zilikuwa zikizunguka Ukunda bila ya yeye kuzisukuma.

Lakini palibaki sauti. Kila alipouunganisha waya wa sauti na spika za kompyuta, wimbo haukutoka. Ulitoka mvumo, kama nyuki waliofungiwa mtungini. Gemu na kompyuta zilikuwa zinakunywa umeme wa chungu kimoja, na kelele ya umeme ilikuwa ikipita kwenye waya ule ule wa wimbo na kuufunika. Alibadilisha waya mara tatu. Alijua dawa yake: transfoma ndogo ya sauti, si kubwa kuliko korosho, ya kuzitenga pande mbili hizo. Aliitafuta Ukunda nzima asiipate, na ya Nairobi ingechukua wiki mbili. Akdi ilikuwa Ijumaa. Basi Jumanne aliukata waya wa sauti, akafunga kasha, akakaza parafujo zote, akajiambia hakuna atakayeuliza.

Jumatano aliipeleka Gazi kwa tuk-tuk, ameipakata kama mtoto mchanga. Bi Hafsa akamkaribisha, wanawake wakajaa sebuleni, wakacheza, wakasukumana, na Ami Salimu mwenyewe, baada ya kukataa mara mbili, alikaa akajaribu, akaanguka ngazi ya tatu. Twaiba alikuwa ndani akipakwa hina, haonekani. Ndipo sauti yake ikaja kutoka nyuma ya pazia, kwa utulivu tu.

"Na wimbo?"

Swabir alifungua mdomo kusema kweli, na uongo ukatangulia kutoka. Alisema ameuzima wimbo kwa heshima ya majirani, maana siku za harusi kelele zinatosha. Wanawake wakamsifu kwa adabu yake. Njia nzima ya kurudi Ukunda alijisikia mdogo, kama aliyeshika tena kile kisu cha jikoni.

Ijumaa baada ya sala ya alasiri watu walikaa msikitini Gazi, Swabir katikati na kanzu yake mpya, na mbele yake Maalim Mwatsahu mwenye kufungisha ndoa, amefungua kitabu chake. Lennox alikuwa barazani nje, amekaa na viatu vya watu, amevaa kofia aliyoazimwa na iliyomkaa juu juu. Maalim alipofika kwenye mahari, aliuliza iandikwe nini. Swabir akasema ni gemu iliyotiwa ndani ya kompyuta, na baadhi ya vijana wakaguna kwa kuipenda.

Ami Salimu akakohoa. Alikuwa amelipima jambo hili tangu Jumatano. Alimwomba Maalim radhi, akauliza gemu yenyewe ni ya nani. Ya Twaiba, Swabir akajibu, tangu utotoni, alipewa na babake. Na kompyuta? Ya Twaiba vilevile, kwa jasho lake. Ami akamgeuzia Maalim macho, hakuongeza. Hakuwa na haja.

Maalim aliweka kalamu chini. Alieleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto, kwamba mali ya mtu hapewi mwenyewe ikawa mahari. Lakini kazi ya mikono nayo ni mali, alisema, na Nabii Musa alioa kwa kuchunga mifugo. Kazi inaweza kuwa mahari, mradi ijulikane ni kazi gani na kwa muda gani. Swabir akapumua. Kisha Maalim akamtazama juu ya miwani.

"Sasa niambie, mwanangu. Hiyo kazi bado ipo, au imekwisha? Maana kama imekwisha, ulimfanyia hisani, na Mungu atakulipa. Lakini hisani ya jana haiwi mahari ya leo."

Ami Salimu akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma risiti, kwamba kazi imekwisha siku mbili sasa, na nusu ya waliomo humu wamekwisha kuicheza. Ikiwa ni hivyo, basi bangili. Na akdi ingoje.

Swabir aliinamisha kichwa. Mbele yake palikuwa na watu wote aliowatengenezea redio na televisheni, na wote aliowaacha wamsifu. Aliona njia moja tu, na njia hiyo ilipita katikati ya aibu yake. Mtu akisimulia baadaye huonekana kama jambo jepesi. Yeye alihisi masikio yanawaka moto.

"Haijakwisha, Maalim," alisema. "Haina sauti. Nilisema nimeizima kwa ajili ya majirani, nikasema uongo. Nilishindwa kuitia."

Halafu mzee mmoja wa safu ya nyuma akajisemea, lakini kwa sauti ya kusikika na wote, "Mficha uchi hazai," na msikiti ukashindwa kujizuia. Maalim mwenyewe aliinamia kitabu chake mpaka kikamtoka kicheko. Alipoinua uso aliamua kwamba mahari ni kutia sauti, kazi iliyobaki, inayojulikana. Akamgeukia walii amtajie muda.

Ami Salimu hakukawia. Alisema ndani ya fungate. Siku saba. Maalim akaona ni sawa, na watu wengi wakaona ni huruma, lakini Swabir alimwelewa muuza mbao. Bwana harusi aliyemo katika fungate yumo ndani kwa kina mke siku zote saba, hatoki hata langoni. Kibanda chake, vyombo vyake na maduka yote ya Ukunda yangekuwa ng'ambo ya lango hilo. Akishindwa, angebaki na deni la mahari, na Ami angezitaja bangili mpaka siku ya kiyama.

Walii na mashahidi wawili wakatoka kwenda kumuuliza mwari kama ameridhika. Walikawia kidogo. Waliporudi, Ami Salimu alikaa, akapanga kanzu yake magotini, akasema kwa shingo upande kwamba Twaiba ameridhika. Amesema sauti ndiyo aliyoitaka tangu mwanzo. Akdi ikafungwa, halua ikapita, na Lennox akawa wa kwanza kumkumbatia bwana harusi mlangoni, kofia ikaanguka.

Fungate ya watu wengine ni ya kula na kulala. Swabir alikula, hilo hakulikosa. Bi Hafsa alimletea kuku wa kupaka, na maandazi ya iliki, na wali wa nazi aliouomba tena. Lakini baina ya sahani na sahani alikuwa mbele ya kasha lililofunguliwa. Siku ya kwanza, alipokuwa bado anatafuta namna ya kuomba radhi, Twaiba alimtangulia.

"Nilijua tangu Jumatano," alisema. "Wewe ukidanganya unaongea sana."

Akamsogezea bakuli la maembe, na jambo hilo likawa limekwisha.

Siku ya pili Lennox alikuja dirishani na mfuko wa vikorokoro kutoka kibandani: chuma cha kulehemu, risasi, waya, na transfoma moja aliyoipata kwa fundi wa redio, kubwa kama ngumi. Alisema pole boss, hiyo ndiyo ndogo kabisa Ukunda ilikuwa nayo. Swabir aliijaribu. Mvumo ukazidi. Siku ya tatu alijaribu kuufunga waya kwa karatasi ya rangi ya fedha iliyofunika kuku, na siku ya nne hakujaribu kitu, alikaa tu akimsikiliza Twaiba akimsimulia wateja wake wa Msambweni. Aligundua kwamba ana raha. Ameshindwa, amefungiwa, Ami anahesabu siku, na bado ana raha. Hakuielewa, lakini hakuikataa.

Siku ya sita, baada ya adhuhuri, Twaiba alichukua brashi akaamua kupangusa vumbi ndani ya kasha, maana hakuweza kuona kitu chake kiko wazi na kichafu. Akapitisha brashi hapa na pale, kisha akaigusa kadi moja nyembamba iliyosimama pembeni, haijaunganishwa na chochote.

"Na hii kazi yake nini? Haijawahi kunifanyia kitu."

Swabir alitupa jicho tu, akasema ni kadi ya simu. Enzi za hoteli, kompyuta zilikuwa zikiingia mtandaoni kwa waya wa simu ya mezani. Siku hizi haina maana. Akarudi kwenye kikombe chake cha maji, akanywa nusu, akakiweka chini. Akasogea. Aliichomoa kadi ile kwa vidole viwili, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Pembeni mwake, chini ya vumbi la miaka, palikuwa na kitu cheusi cha mraba, kidogo kama korosho.

Sauti za simu zilikuwa zikivuka hapo, kutoka waya wa barabarani hadi ndani ya kompyuta, bila nyaya za pande mbili kugusana. Ilikuwa transfoma ile ile aliyoitafuta Ukunda nzima. Ilikuwamo ndani ya kasha tangu siku ya kwanza, na yeye fundi mwenye sifa alikuwa akiipisha kando kila alipotaka nafasi ya mkono. Alimweleza Twaiba hayo yote bila ya kujitetea. Twaiba alicheka mpaka akakaa kitandani na brashi mkononi, na Swabir akacheka naye, akaona kuchekwa huko ni kuzuri.

Aliitoa transfoma kwenye kadi kwa chuma cha moto, akaiunga kati ya gemu na spika, waya nne tu. Kisha akamwachia Twaiba acheze. Hakukuwa na mvumo. Spika zilikuwa kimya, kimya safi. Kijitu kikaanza kupanda, mawe yakaporomoka, Twaiba akayakwepa kwa vidole ambavyo vilikuwa havijasahau chochote. Ngazi ya mwisho. Kisima. Ndoo ikajaa.

Wimbo ukatoka, sauti saba, nyembamba na wazi, ukapita dirishani hadi uani.

Uani Bi Hafsa alikuwa amekalia mbuzi akikuna nazi. Mkwaruzo wa mbuzi ukakatika. Walisikia nyayo zake zikienda jikoni, na sufuria ikitiwa maji. Swabir aliinuka kutaka kwenda kumwonyesha, Twaiba akamshika mkono, akamwambia angoje. Kwa hivyo wakangoja.

Baada ya kitambo Bi Hafsa akaingia na sinia ya chai. Alikuwa ameweka vikombe vinne. Aliviona mwenyewe alipokuwa akiiweka sinia mezani, akasimama, na machozi yakamtoka huku anacheka.

"Nimesikia mluzi, mkono ukaenda wenyewe," alisema. "Miaka kumi na miwili, na mkono haujasahau."

Twaiba alimkumbatia mamake kwa muda mrefu. Swabir alisimama na bisibisi yake, hajui aitazame chai au ukuta. Kwa mara ya kwanza alielewa alichokikata kwa kisu siku ile, na alichokirudisha. Kisha Twaiba alijipangusa uso, akaweka mtandio vizuri, akasema neno ambalo mashahidi wangetakiwa kulisikia, lakini palikuwa na mama tu, na mama alitosha.

"Mama, mahari yangu nimeipokea. Mwambie ami."

Hakukuwa na haja ya kumtafuta. Ami Salimu alikuwa tayari anabisha hodi langoni, amekuja kukagua siku zake, kesho ikiwa ndiyo ya saba. Swabir akampa shikamoo, akaitikiwa marahaba bila moto wowote. Akaketishwa. Twaiba hakumwambia lolote. Alirudi mbele ya kompyuta, akakipandisha kijitu ngazi zote tena mbele ya macho ya ami yake, na ndoo ikajaa, na wimbo ukatoka.

Ami Salimu hakupima neno lolote. Alikuwa ameutambua wimbo ule. Ni mluzi wa nduguye, aliyekuwa akishuka nao kutoka kwenye mkorosho wa kona. Alinyoosha mkono, akakichukua kikombe cha nne ambacho hakuna aliyemkaribisha, akanywa funda moja, akakishika kwa mikono miwili.

"Rudia, mwanangu," alisema.

Twaiba akakirudisha kijitu chini ya ngazi.